Nani Alimtia Mama Misumari Vidonda vya Tumbo

Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa makochi, na kwa kuwa alifanya kazi huku mdomo umejaa misumari midogo, mtaa mzima ulimwita Mama Misumari. Aliibana kwa midomo, akausogeza mmoja kwa ulimi, akaudaka kwa vidole, nyundo ikashuka, na kabla hujapepesa jicho mwingine ulikuwa tayari. Na bado aliongea. Alipitisha maneno kwenye pembe ya mdomo, nasi tuliokaa naye tulikuwa tumeshamzoea. Wateja wapya ndio waliodhani amewanunia.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukiingia ulikutana na viti vilivyovuliwa nguo, springi zimetoka nje kama utumbo, marobota ya sponji hadi darini, na meza yenye mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kukatia karatasi. Ndani ya makochi ya watu alikuwa akiokota kila aina ya kitu: vifungo, kalamu, hereni, na mara moja meno ya bandia. Aliyaosha, akayafunga vizuri, akamkabidhi mwenyewe bila kucheka. Alicheka mteja alipokwisha kukata kona, na hapo alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi niliolewa na mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu, tukakaa nao nyumba moja. Na mwaka uleule niliofika, tumbo la mama likaanza kumsumbua. Mkwe mpya, jiko jipya, ugonjwa mpya. Hakuna aliyeninyooshea kidole, lakini macho nayo yanasema.

Maumivu yalimshika chini ya kifua, pale katikati, yakawa yanachoma na kusokota. Yalikuja akiwa na njaa. Akila kitu yanatulia, baada ya muda yanarudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Basi akawa anatembea na biskuti mfukoni mwa aproni, anatafuna kidogo, anapiga misumari, anatafuna tena.

Baba mkwe wangu, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa maneno machache, alikuwa na maelezo yake.

"Amemeza msumari," alisema.

"Mimi?" mama akafoka, na kwa hasira akaitema yote mkononi ili tumsikie vizuri. "Tangu nimeanza kazi hii sijameza hata mmoja. Wewe umegonga miti mingapi na hilo lori lako?"

Baba akarudi kwenye gazeti lake.

Mwishowe tulimshawishi aende zahanati. Mganga alimbonyeza tumbo, akamuuliza maswali mawili matatu, akamwambia hizo zinafanana na dalili za vidonda vya tumbo, ila aende hospitali kubwa akapimwe vizuri. Mama alisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili aliiacha mlangoni pa zahanati, akarudi nyumbani na chupa ya dawa nyeupe ya kutuliza asidi na neno jipya: vidonda.

"Vidonda vya tumbo ni pilipili na mawazo," mume wangu alitangaza mezani, kwa sauti ileile ya kufundishia. "Kila mtu anajua."

Wote wakatazama bakuli la mboga. Kisha wakanitazama mimi, maana mkono wangu kwenye pilipili haukuwa na huruma.

Siku hiyo nikafuta pilipili jikoni. Nikafuta na limau, na nyanya, na vitunguu vya kukaanga, kila nilichosikia kwamba kina ukali. Tukawa tunakula vitu vya kuchemsha tu, vyeupe juu ya vyeupe. Baba alikula akitazama ukuta. Na mama, ambaye ndiye tuliyekuwa tunateseka kwa ajili yake, alinifuata jikoni akaninong'oneza:

"Mwanangu, pilipili imeadimika sokoni?"

"Ni kwa ajili ya tumbo lako, Mama."

"Tumbo langu limekuja kukushtakia?"

Nilitokwa na machozi, sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimeshajikaza kisabuni kwa wiki kadhaa, nikisikia majirani wakiuliza kwa upole wa kisu, "Mkwe anapika vizuri lakini?" Mama akaniangalia, akanifuta uso na ncha ya aproni iliyojaa nyuzi, nikabaki na uzi kwenye nyusi. Akasema, "Hebu acha ujinga. Kama ni chakula chako, mbona baba yenu ananenepa?"

Pilipili iliondoka, maumivu yakabaki. Kwa hiyo, kwa hesabu za mume wangu, kilichobaki ni mawazo. Na mawazo lazima yawe na mtu aliyeyaleta. Hapo nyumba yetu ikageuka. Kila mmoja akaanza kujikagua kimoyomoyo, na kila mmoja akapata kitu.

Wa kwanza kwenda kwa mama alikuwa baba. Mimi nilikuwa karakana pamoja na mama, nimekaa nyuma ya kochi refu nikichomoa misumari ya zamani, kazi aliyokuwa akinipa mchana ili nisikae na kulia. Baba aliingia na kikombe cha chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akatafuta pa kukaa, viti vyote havina makalio, akaishia kukaa juu ya robota la sponji, akazama mpaka magoti yakawa karibu na masikio.

"Nina neno," akasema.

"Sema. Chai hiyo ni yangu au ya neno?"

"Yako." Akakisogeza kikombe kwake. "Unakumbuka siku ile kaka zangu walipokuja, ulipokuwa unaanza kazi hii? Wakauliza unafanya nini humu ndani. Nikawaambia ni ya kupitisha muda tu, ataacha."

Nyundo ilisimama.

"Nilikuwa naona aibu, mke wangu kushika nyundo. Halafu lori likaharibika, nikakaa bila kazi, ukatulisha kwa nyundo hiyohiyo. Sijawahi kukuambia kitu. Kama ndilo linalokula tumbo lako, nisamehe. Mimi hata nikiwa safarini nilikuwa nawaambia madereva wenzangu, mke wangu ni fundi. Nilikuwa nawaambia wao, wewe nakunyima."

Mama akatema misumari kwenye kiganja, polepole. Alikuwa hajui aweke wapi uso. Akasema tu, "Kunywa wewe hiyo chai, imepoa," lakini aliisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Nilibaki nyuma ya kochi kimya kama mwizi. Kumvuta baba kutoka ndani ya lile robota kulituhitaji sote wawili, na hapo ndipo alipojua kwamba nilikuwepo.

Wa pili alikuwa mume wangu. Yeye alimfuata mama uani akianua nguo, akasema kwa haraka kama mtu anayebandua plasta, "Mama, najua ulinisikia kwenye simu. Ni kweli niliomba kazi kwenye shule ya mji mwingine. Nilitaka kukuambia nikipata. Samahani nimekutia mawazo."

Mama alikuwa ameshika shuka. Akamtazama juu ya shuka.

"Simu gani?"

"Ile ya... hukusikia?"

"Mwanangu, mimi nikipiga nyundo sisikii hata mvua. Kumbe unahama?"

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi immeze na kamba ya nguo ikiwa juu yake.

Lakini kisa kikubwa kilikuwa cha mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Hawa ndugu wawili walikuwa hawasemezani tangu kabla sijaolewa, na sababu ilikuwa makochi. Mama mdogo alihamia nyumba mpya, akaenda dukani akanunua seti nzima, ya kung'aa, yenye vishikio vya dhahabu ya uongo. Dada yake fundi, yeye makochi ya dukani! Mama alikaribishwa chai akakuta seti ile sebuleni. Alikunywa chai yake yote akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka. Basi.

Mume wangu ndiye aliyempigia mama mdogo akamweleza kuhusu vidonda. Siku mbili tatu zikapita. Kisha asubuhi moja tukasikia kelele barabarani, tukatoka nje, tukaona mkokoteni. Juu yake kochi refu la vishikio vya dhahabu, miguu hewani, na nyuma yake mama mdogo anatembea ameshika mkoba kifuani kama anayesindikiza jeneza.

"Dada," alisema alipofika mlangoni, "nimesikia nimekutoboa tumbo."

Mama alikuwa na misumari mdomoni.

"Nilinunua kwa sababu niliogopa kukuomba. Ungekataa nikulipe, na mimi kila siku nimekuwa mdogo wa kupewa tu. Nikataka mara moja niwe na kitu nimenunua mwenyewe. Lakini nilikosea kukuonyesha bila kukuambia. Haya, lichukue. Livue, lishone upya, lifanye utakavyo. Springi zake zinanichoma hata hivyo."

Mama akalizunguka kochi. Akalibonyeza. Akainama akachungulia chini, akachukua koleo akang'oa kipande cha kitambaa cha chini, na hapo macho yake yakawaka.

"Njoo uone," akamwita mdogo wake. "Njoo, njoo! Ulikalia hiki?"

Ndani ya mikono ya kochi kulikuwa na makatoni. Makatoni ya sabuni, maandishi yake bado yanasomeka. Mama alicheka. Mama mdogo akajaribu kununa, akashindwa, akacheka naye. Walishikana mabega wakicheka mpaka mwenye mkokoteni naye akaanza, bila kujua ni nini. Sijawahi kumwona mama na furaha kama ile. Alikuwa anavua kochi lile kama mtoto anayefungua zawadi, anarusha makatoni nyuma, anamsimulia mdogo wake kila uovu anaoukuta.

Ni katikati ya furaha hiyo aliposimama ghafla, akashika meza, akasema, "Mbona kumeingia giza?" na kuanguka juu ya sponji.

Alipozinduka alikuwa baridi, jasho linamtoka, rangi imemtoka midomoni. Wakati tunamvalisha tumpeleke hospitali aliniambia kwa sauti ndogo, akiona aibu, kwamba kwa siku kadhaa choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na yeye alidhani ni biskuti.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke mwenye miwani na viatu vya kutembelea, na alifanya haraka sana aliposikia habari ya choo cheusi. Alisema hiyo ni damu inayovuja ndani. Wakamtundikia damu. Akaeleza kwamba watapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni ushuke hadi tumboni.

"Usiogope, mama," daktari akamwambia.

"Mdomo huu umekaa na chuma miaka yote," mama akamjibu kutoka kwenye mto. "Pitisha."

Kabla ya hapo, daktari alimuuliza maswali. Unavuta sigara? Hapana. Pombe? Hapana. Kuna dawa zozote unazotumia?

"Hapana," mama akasema.

"Hata za maumivu?"

"Ah, hizo. Hizo si dawa. Hizo ni za kufanyia kazi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Za kufanyia kazi vipi?"

Ikabidi aeleze. Kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma kwa sababu ya nyundo, na magoti kwa sababu ya kupiga magoti. Muuzaji wa duka la dawa alimpa vidonge, vikamsaidia, akaendelea. Asubuhi kabla ya chai, mchana, jioni. Miaka. Nami hapo nikashika kichwa, maana nilikuwa nakaa naye karakana kila siku na sikuona kitu. Mtu anayetia vitu mdomoni kutwa nzima, utajuaje ni kipi kidonge na kipi msumari? Nilirudi nyumbani mbio nikavikuta kwenye mkebe mdogo kando ya mkebe wa misumari, nikampelekea daktari. Akavisoma akatikisa kichwa.

Kesho yake tulikusanyika wote kando ya kitanda: baba, mume wangu, mama mdogo na mimi. Majibu yalikuwa yamerudi. Daktari alituonyesha kwa mkono juu ya koti lake mahali kidonda kilipokuwa, pale tumbo linapoishia na utumbo mdogo unapoanza.

"Sababu ziko mbili, na mama anazo zote mbili," alisema. "Ya kwanza ni bakteria. Ni kijidudu kinachoishi kwenye utando wa ndani wa tumbo. Wengi wetu tunakipata utotoni na wengi hatujui kama tunacho. Kwa baadhi ya watu kinachubua ule utando, asidi ya tumbo inapata njia. Ya pili ni vidonge hivi. Vinaondoa maumivu ya mkono, lakini ukivinywa kila siku vinaondoa pia kinga ya tumbo, na vinafanya damu ivuje. Vyote viwili pamoja, ndio hali hii."

Baba akakohoa.

"Na mawazo?"

"Mawazo yanaweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi, mzee. Hata pilipili, kuna anayeona inamchoma zaidi. Lakini vidonda vingi tunavyoviona vinatokana na hivyo viwili. Hiki hakikuletwa na mtu."

"Hakikuletwa na mtu?" mama mdogo aliuliza.

"Hapana."

"Kwa hiyo mimi nimetembea na kochi kichwa chini barabara nzima, watu wananitazama, bure?"

Mume wangu akageukia dirishani, mabega yanacheka. Baba alikuwa anasoma kadi ya kitandani kwa makini sana, na masikio yake yamekuwa mekundu. Sote tukamtazama mama. Alikuwa amelala na mrija mkononi, dhaifu, na tabasamu lake likatokea upande mmoja wa mdomo, upande uleule wa kusemea.

"Misamaha yenu nimeshaipokea," alisema. "Siirudishi."

Mimi nilitoka kwenye korido nikalia vizuri. Pilipili yangu ilikuwa imesafishwa jina.

Walimruhusu na mfuko wa dawa: mbili za kuua bakteria na moja ya kupunguza asidi, za wiki mbili, na onyo kali kwamba azimalize hata akijisikia mzima. Moja, aliyoanza kupewa akiwa bado wodini, ilikuwa inaacha ladha ya chuma mdomoni. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyepewa hiyohiyo, alilalamika kila siku. Mama alisema ni kama yuko kazini.

Shida ilibaki mkono. Vile vidonge alikatazwa kabisa. Alipewa vya aina nyingine, visivyochubua tumbo, avitumie kwa kiasi, na bandeji ya kifundo, na akaambiwa apunguze nyundo. Neno "punguza" lilimuuma kuliko kidonda. Alikaa kwenye kiti siku ya kwanza akitutazama sisi tukishika vyombo vyake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona wezi wakibeba nyumba.

Baba ndiye aliyejitolea kuvuta kitambaa. Mimi nikashika nyundo. Mama alituongoza kutoka kwenye kiti.

"Vuta. Vuta, baba watoto! Hicho si usukani, usikizungushe. Vuta kwako. Sasa kona. Kunja kona. Jamani, nani aliwahi kukunja kona hivyo? Na wewe, mwanangu, piga msumari, usiubembeleze."

Tulimaliza kochi la mama mdogo kwa muda ambao yeye peke yake angemaliza matano. Bado lina kona moja iliyopinda, na mama mdogo humwonyesha kila mgeni, akisema, "Hiyo amekunja shemeji."

Watu wa mtaani hawakuiamini hadithi ya bakteria moja kwa moja. Jirani mmoja alisema labda mama anamficha mtu. Lakini mama sasa alikuwa na neno kwa kila aliyeingia karakana ameshika tumbo. Kinyozi alileta kiti chake kibadilishwe ngozi, akasema hajisikii vizuri, tumbo, mawazo ya kazi.

"Mawazo unayo, sikatai," mama akamwambia. "Mfukoni una nini?"

"Mfukoni?"

"Unasimama kutwa nzima. Mgongo unauma. Unameza nini?"

Kinyozi akatoa karatasi ya vidonge, nusu imekwisha. Mama hakumhubiria. Alimwambia tu aende hospitali, awatajie vidonge hivyo kwa jina, na aulize wampime kijidudu. Aliporudi kuchukua kiti alikuwa na mfuko wa dawa kama ule wa mama, akalalamika kuhusu ladha ya chuma.

Mama alipimwa tena baada ya muda daktari aliosema, na kijidudu hakikuonekana. Alirudi na majibu, akapita moja kwa moja jikoni, akafungua kopo la pilipili akalinusa kwa muda mrefu. "Kidogo," akaniambia. "Tuanze kidogo."

Ile kazi ya mji mwingine mume wangu aliipata. Alikuwa tayari kuiacha, na kwa kweli alikuwa ameshaandika kichwani namna ya kukataa. Mama ndiye aliyesema twende. Alisema hivyo mezani, akiwa anakula, kama anayeomba chumvi.

Asubuhi ya kuondoka mizigo ilikuwa barabarani, na juu yake viti viwili alivyotushonea, kona zote zimenyooka, maana alizipiga mwenyewe kwa ukaidi. Alinikumbatia kwanza mimi, ndipo mwanawe. Kisha machozi yakaanza kumtoka, mengi, na sote watatu, baba, mume wangu na mimi, kwa pamoja tukatazama tumbo lake.

"Aka!" akasema, akijifuta kwa aproni. "Ninalia kwa macho. Hebu pandeni gari, mtachelewa."